Uzi: Sumaku ya ncha moja haiwezi kuwepo, au haijaonekana tu?

Mwalimu wa Njoro

Wanajukwaa, salamu. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa kaunti ya Nakuru, na juzi tulikuwa tukisahihisha mtihani wa majaribio ulioandaliwa na shule kadhaa kwa pamoja. Swali moja la mada ya sumaku ya kidato cha pili liliuliza kwa nini mtu hata akiikata sumaku vipande vingi kiasi gani, hapati kipande chenye ncha ya kaskazini peke yake. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka jibu la mstari mmoja: ncha moja ya sumaku haiwezi kuwepo peke yake. Msichana mmoja akaandika kwamba sumaku haikuundwa kwa kuunganisha ncha mbili, bali kila chembe ndani yake ni sumaku kamili, hivyo kuikata hakutenganishi chochote. Kisha akaongeza, kwa ujasiri uliowaudhi baadhi ya wenzangu, kwamba ncha ya peke yake huenda ipo mahali pengine, ila haijapatikana bado. Alipewa sufuri. Mimi nilitaka apewe alama zote mbili, na ninaleta hoja hapa kwa sababu naamini mwongozo wenyewe ndio wenye kasoro.

Jambo la kukata sumaku si geni. Mnamo 1269 Mfaransa aliyeitwa Petrus Peregrinus, akiwa katika jeshi lililouzingira mji wa Lucera nchini Italia, aliandika barua ndefu kuhusu sumaku, akaeleza ncha zake mbili na akabainisha kwamba ukiivunja sumaku, kila kipande kinakuwa na ncha zake mbili. Wale wanaokumbuka kura ya mlolongo ya 1988 wataelewa upesi: ukiukata mlolongo wa watu popote pale, kila sehemu inabaki na mtu wa mbele na mtu wa nyuma, na hakuna panga litakalokupa mlolongo wenye mbele bila nyuma.

Hata hivyo, mfano huo unatueleza habari za mlolongo, yaani za sumaku tulizo nazo mkononi. Hautuelezi iwapo ulimwengu unaweza kuwa na chembe ambayo yenyewe ni ncha moja, ambayo wanafizikia huiita monopoli. Hayo ni maswali mawili. La kwanza lina jibu la hakika. La pili halijajibiwa, na mtu akimfundisha mtoto kwamba limejibiwa, amemfundisha uongo.

Mstaafu, Kakamega

Mwalimu, shikamoo ya mbali kwako na kwa wote. Nilifundisha somo hili kwa miaka mingi, na nitausimamia mwongozo japo kwa shingo upande.

Milinganyo minne ya Maxwell ndiyo msingi wa yote tunayoyajua kuhusu umeme na sumaku, kuanzia jenereta hadi mawimbi ya redio. Mmoja kati ya hiyo minne unasema kwamba ukizungusha kikuta cha kufikirika mahali popote, mistari ya uga wa sumaku (yaani ya eneo ambamo nguvu yake hufanya kazi) inayotoka nje ya kikuta hicho ni sawa kabisa na inayoingia. Hakuna chemchemi ya uga wa sumaku, ilhali uga wa umeme unayo, nayo ni chaji. Mtahini akisema "haiwezi kuwepo" anausoma mlinganyo huo kama ulivyoandikwa. Isitoshe, mwanafizikia Mfaransa Ampère alionyesha tangu miaka ya 1820 kwamba usumaku hutokana na mikondo ya umeme. Kama sumaku ni mkondo unaozunguka, basi hata neno "ncha" ni jina tu la upande ambao mistari inatokea, na kutafuta ncha ya peke yake ni kutafuta upande mmoja wa karatasi usio na upande wa pili.

Fundi wa Spika, Kibuye

Mimi si msomi wa fizikia, lakini sumaku ninazishika kutwa nzima hapa Kisumu. Sumaku nyeusi ya duara iliyo nyuma ya spika ikianguka kwenye sakafu hupasuka, na mteja hutarajia niigundishe kwa gundi kali. Ajabu yake ni kwamba vipande viwili vilivyopasuka havitaki kurudiana. Unaviweka mezani, pasuko kwa pasuko, navyo vinasukumana. Ukivilazimisha, kimoja kinaruka, kinajipindua chini juu, kisha kinamnasa mwenzake kwa nguvu hadi kinaweza kukubana kidole. Nimesoma hapo juu kwamba kipande kilichokatwa kinakuwa na ncha zake mbili, na nilikuwa nikiamini kwamba vipande vya sumaku moja vingevutana. Walimu, nielezeni jambo hili, kwa maana nimeona watu wakidhani kwamba kila kipande kimebaki na ncha moja na ndiyo sababu vinachukiana.

Mwalimu wa Njoro

Fundi, umeleta mfano bora kuliko wowote ulio kwenye vitabu vyetu, kwa sababu vitabu huonyesha sumaku ndefu inayokatwa katikati, na humo vipande huvutana. Sumaku ya spika imesumakishwa kwa unene wake: uso mzima wa juu ni ncha moja, na uso mzima wa chini ni ncha ya pili. Ikipasuka, kila nusu inabaki na uso wa kaskazini juu na uso wa kusini chini. Unapozisogeza nusu hizo pamoja zikiwa zimelala vilevile, kaskazini inakaa ubavuni mwa kaskazini na kusini ubavuni mwa kusini, kwa hiyo zinasukumana. Moja ikijipindua, kaskazini inakuwa jirani ya kusini, zinanasana. Chukua dira ndogo uipitishe juu na chini ya kila kipande, utaziona ncha zote mbili.

Sasa nimjibu Mstaafu, ambaye hoja yake juu ya Ampère ina uzito mkubwa kuliko ile ya Maxwell.

Mlinganyo wa Maxwell ni maandishi ya yale yaliyoonekana. Upande wake wa kulia una sufuri kwa sababu hakuna aliyewahi kupata chaji ya sumaku ya kuweka hapo, na ikipatikana kesho, sufuri itafutwa na chaji itawekwa, bila mlinganyo mwingine kuporomoka. Itabidi tu kuongeza mkondo wa chaji za sumaku kwenye mlinganyo wa Faraday, ambao ni mmoja wa ile minne, na milinganyo yote minne itakuwa na sura zinazolingana zaidi kuliko sasa. Pierre Curie aliliona hilo mapema, akaandika mnamo 1894 kwamba hakuna sababu ya kuukataa uwezekano huo.

Hoja ya Ampère ni tofauti, kwa sababu imepimwa. Mtu angeweza kudai kwamba protoni au elektroni, ambazo kila moja ni sumaku ndogo, zina ncha mbili halisi zilizoshikana ndani yake, na kwamba siku moja tutazitenganisha. Atomi ya haidrojeni ndiyo inayomjibu. Elektroni yake huweza kuelekea upande mmoja na protoni kisumaku au upande wa kinyume, na tofauti ya nishati kati ya hali hizo mbili hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, ambalo wanaastronomia hulipokea kutoka kila pembe ya galaksi yetu. Elektroni hiyo hufika hadi ndani ya protoni, na hapo ndipo uga wa kitanzi cha mkondo na uga wa ncha mbili hutofautiana, ingawa nje vinafanana kabisa. Kama usumaku wa protoni ungetokana na ncha mbili, wimbi hilo lingekuwa la takriban sentimita 42, na mpangilio wa hali ya juu na ya chini ungegeuka. Linapimwa 21. Kwa hiyo sumaku zote tulizo nazo, hadi kiwango cha protoni, zina tabia ya vitanzi vya mkondo.

Msichana yule alisema nini? Alisema sumaku haikuundwa kwa ncha. Alikuwa sahihi kabisa, na jibu lake linaeleza sababu, ilhali lile la mwongozo linarudia tu swali kwa maneno mengine.

Mwanafunzi, Maseno

Nashukuru kwa maelezo hayo, Mwalimu. Lakini hapo panazua swali: kama sumaku zote zinazojulikana ni vitanzi, na hakuna aliyeona chaji ya sumaku, kwa nini wanafizikia wengi wanaamini zipo? Vitu vingine vingi ambavyo havijaonekana havitafutwi kwa bidii hivyo.

Mwalimu wa Njoro

Sababu ya kwanza ilitolewa na mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac mnamo 1931, naye hakuwa akitafuta monopoli. Alikuwa akijiuliza kwa nini chaji ya umeme hupatikana kwa vipimo kamili tu. Chaji ya protoni na ya elektroni zinalingana kwa ukubwa, kwa usahihi wa ajabu, ingawa chembe hizo zinatofautiana kwa mambo mengine makubwa: moja ni nzito mara 1,836 kuliko nyingine, moja imeundwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki na nyingine haina kitu ndani yake tunachokijua. Nadharia ya umeme peke yake haikatazi chembe yenye chaji nusu au robo tatu.

Dirac alifikiria sumaku nyembamba kupita kiasi na ndefu isiyo na kikomo, ambayo ncha yake moja iko hapa na ya pili iko mbali mno isihesabike. Kwa mtu aliye karibu, ncha ya hapa ni monopoli, isipokuwa kwamba kuna uzi wa uga unaoifikia kutoka nyuma. Swali lake lilikuwa: je, jaribio lolote linaweza kuugundua uzi huo? Katika fizikia ya kawaida, hapana, kwa sababu elektroni haigusi uga uliofungwa ndani ya uzi. Katika fizikia ya kwanta jambo hubadilika, kwa maana elektroni ina wimbi, na wimbi likizunguka uzi wenye uga ndani yake, awamu yake, yaani hatua yake ya kupanda na kushuka, husogea hata kama halikuugusa uga. Uzi utajulikana. Haujulikani katika hali moja tu: awamu inaposogea mzunguko mzima, au mizunguko kamili miwili, mitatu, na kuendelea, kwa sababu mzunguko mzima ni sawa na kutosogea.

Sharti hilo likiandikwa kwa hesabu, linasema kwamba chaji ya umeme ikizidishwa kwa chaji ya sumaku ni lazima itoke namba kamili ya kipimo fulani cha asili. Matokeo yake ni mazito: ikiwepo monopoli moja tu popote ulimwenguni, basi kila chaji ya umeme, hapa Njoro na katika galaksi ya mbali, inalazimika kuwa ya vipimo kamili. Hakuna maelezo mengine rahisi kama hayo, na Dirac mwenyewe alisema ingekuwa ajabu kama maumbile hayakuitumia nafasi hiyo.

Sharti hilohilo linatoa ukubwa wa chaji yenyewe. Monopoli ndogo kabisa ina nguvu mara 68.5 ya chaji ya elektroni katika vipimo vinavyolinganishika, kwa hiyo monopoli mbili zingevutana au kusukumana takriban mara 4,700 kuliko elektroni mbili zilizo umbali uleule. Ndani ya uga wa tesla moja (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), monopoli ingepata nishati ya gigaelektrovolti 20 hivi (kipimo cha nishati ya chembe) katika kila mita moja. Kitu chenye nguvu hivyo hakiwezi kupita kimyakimya.

Mhandisi, Milimani Kisumu

Hicho hasa ndicho kinachonitia shaka. Kitu chenye nguvu namna hiyo kingekuwa kimeonekana. Nimefuatilia habari hizi kwa muda, na kila ilipotangazwa kwamba monopoli imepatikana, tangazo lilififia.

Mnamo 1975 kundi lililoongozwa na P. Buford Price lilitangaza kwamba puto lililorushwa kutoka Sioux City, jimbo la Iowa, mnamo 1973, likiwa limebeba karatasi nyingi za plastiki na filamu, lilirudi na alama ya chembe ambayo ilichimba plastiki kwa kiwango kilekile tangu karatasi ya juu hadi ya chini. Chembe ya kawaida hupungua mwendo na alama yake hubadilika. Monopoli ingeacha alama isiyobadilika. Haukupita muda Luis Alvarez akaonyesha kwamba kiini kizito cha platinamu kinachovunjika njiani mara mbili, kikawa osmiamu kisha tantali, kingeacha alama hiyohiyo.

Tukio la Blas Cabrera katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ndilo linalonishangaza zaidi, kwa sababu kifaa chake nakielewa kama mhandisi. Katika jenereta za Olkaria sumaku huzunguka ndani ya koili, na kila ncha inayokaribia hufuatwa na ncha ya kinyume, ndiyo maana mkondo hupanda na kushuka. Ukipitisha sumaku ya kawaida katikati ya koili ikatoka upande wa pili, mkondo uliosukumwa wakati wa kuingia unafutwa wakati wa kutoka, na hesabu ya mwisho ni sufuri. Monopoli ikipita, hakuna cha kufuta. Cabrera alitumia koili ya niobi ya mizunguko minne, kipenyo sentimita 5, iliyopozwa hadi ikapitisha umeme bila ukinzani wowote, kwa hiyo mkondo ukishaanza haukomi. Monopoli ya Dirac ingeupandisha ghafla kwa vipimo vinane vya kwanta, viwili kwa kila mzunguko wa waya. Siku ya Jumapili, tarehe 14 Februari 1982, maabara ikiwa haina mtu, kalamu ya mashine ilichora mruko mmoja unaolingana na vipimo vinane.

Ni tukio moja katika siku 151. Yeye mwenyewe hakudai ugunduzi, jambo ambalo namheshimu kwalo. Vifaa vikubwa zaidi vilijengwa baada ya hapo, vyake na vya wengine, na mruko kama ule haukurudi. Mimi siwezi kujenga daraja kwa kipimo kimoja, na sidhani fizikia inaweza.

Mwalimu wa Njoro

Mhandisi, hapo sina ubishi nawe. Tukio la 1982 halihesabiki, na hakuna anayelihesabu. Hata hivyo, "kingekuwa kimeonekana" ni hoja inayotegemea zipo ngapi na zina uzito gani, na hapo ndipo sababu ya pili inapoingia.

Mnamo 1974 Gerard 't Hooft huko Uholanzi na Alexander Polyakov huko Urusi, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba katika nadharia nyingi zinazounganisha umeme na nguvu nyingine za ndani ya kiini, monopoli hazihitaji kuwekwa kwa mkono. Zinajitokeza zenyewe. Hesabu yao ilionyesha kwamba tungamo la monopoli linafuatana na nishati ambapo muungano huo ulivunjika. Katika nadharia za muungano mkuu kiwango hicho kinaleta tungamo la takriban gigaelektrovolti 10 kwa kipeo cha 16, yaani mara milioni bilioni kumi ya protoni, kama mikrogramu 0.02. Mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, hugonganisha protoni kwa nishati ya gigaelektrovolti 13,600. Imepungukiwa karibu mara trilioni moja. Hakuna mashine ya binadamu itakayotengeneza chembe hiyo. Ni lazima tusubiri zilizobaki kutoka mwanzo wa ulimwengu.

Hizo zilizobaki nazo zilileta taabu. Hesabu za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilitoa monopoli nyingi kupita kiasi, nyingi hata ulimwengu ungekuwa umejikunja kwa uzito wake kabla ya kuzaliwa kwa jua letu. Alan Guth alikuwa akihangaika na tatizo hilohilo alipofikia, Desemba 1979, wazo la mfumuko: kwamba ulimwengu ulipanuka kwa kasi isiyo ya kawaida katika sehemu ndogo mno ya sekunde yake ya kwanza. Mfumuko huo unazitawanya monopoli mbali kiasi kwamba huenda imebaki moja tu katika eneo lote tunaloweza kuliona. Kwa hiyo kutoziona si ushahidi kwamba hazipo. Wakosoaji wanasema, na si bila haki, kwamba nadharia inayotabiri kitu kisha ikakificha ni ya kutiliwa shaka. Mimi pia hunitatiza.

Kuna kikomo cha juu kisichotegemea mfumuko. Eugene Parker alionyesha mnamo 1970 kwamba galaksi yetu ina uga wa sumaku hafifu ambao monopoli zinazopita zingeunyonya nishati yake. Kwa kuwa uga huo bado upo, monopoli haziwezi kuwa nyingi: eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira lingepitiwa na chache tu kwa mwaka mzima. Kifaa kilichoitwa MACRO, chenye urefu wa zaidi ya mita 70, kilijengwa chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia ili kifikie kiwango hicho hasa. Kilisubiri hadi mwaka 2000 na hakikupata hata moja, kwa hiyo kikomo sasa ni kikali kuliko cha Parker.

Mkazi wa Nakuru

Samahani kwa swali la mtu wa pembeni. Kama ni za tangu mwanzo wa ulimwengu, je, haziwezi kuwa zimenaswa ndani ya mawe? Hapa Menengai tuna lava ya kutosha iliyotoka chini kabisa ya ardhi.

Mwanafunzi, Maseno

Swali lako si la pembeni hata kidogo, kwa sababu watafiti walifanya hivyo hivyo. Alvarez na wenzake walipitisha udongo na mawe ya mwezini yaliyoletwa na Apollo 11 ndani ya koili ya aina ile ya Mhandisi, na mkondo ukabaki sufuri. Vimondo pia vimepitishwa.

Kuhusu lava, kundi moja lilichapisha matokeo mnamo 2013 baada ya kupima takriban kilo 25 za mawe ya volkeno. Lakini waliyachagua kutoka maeneo ya karibu na ncha za dunia, na sababu yake inaiondoa Menengai kwenye orodha. Dunia ni sumaku, na monopoli iliyo ndani ya tabaka la mawe laini ingesukumwa na uga wake hadi itulie chini ya ncha za sumaku za dunia, kaskazini au kusini kutegemea chaji yake. Sisi tuko karibu na mahali ambapo uga umelala sambamba na ardhi. Watu wanaopiga picha kwenye kibao cha Ikweta hapa njiani kwetu Maseno, na wale wanaowaonyesha wageni maji yakizunguka kwenye karai kwa ujira mdogo, wanasimama kwenye ikweta ya jiografia. Ile ya sumaku iko kaskazini yetu, nchini Ethiopia. Ukining'iniza sindano ya sumaku kwa uzi hapa, ikiwa huru kuinama, upande wake wa kusini utaelekea chini. Tulifanya hivyo maabara kwa sindano ya kushonea, na mwinamo unaonekana kwa macho. Kwa hiyo lava ya Bonde la Ufa, pamoja na sifa zake nyingine, ni mahali pabaya pa kutafutia monopoli.

Matokeo ya 2013 yalikuwa sufuri pia.

Mhandisi, Milimani Kisumu

Lakini kuna habari niliyosoma kwamba monopoli zilipatikana mnamo 2009 ndani ya fuwele. Mwalimu amelikwepa hilo, au?

Mwalimu wa Njoro

Sikulikwepa, nilikuwa nikiliogopa kidogo, kwa sababu vichwa vya habari vya wakati ule vilileta mkanganyiko ambao haujaisha.

Fuwele hiyo ni titaneti ya disprosi. Atomi zake za disprosi, ambazo ni sumaku ndogo zenye nguvu, zimepangwa kwenye pembe za piramidi za pande nne zinazogusana, na kila sumaku inaweza kuelekea ndani ya piramidi au nje yake. Kwenye baridi kali, chini ya kelvini moja hivi, kila piramidi hutaka mbili zielekee ndani na mbili nje. Joto likigeuza sumaku moja, piramidi moja inakuwa na tatu ndani na moja nje, na jirani yake inakuwa na moja ndani na tatu nje. Kasoro hizo mbili zinaweza kuachana, kila moja ikaenda zake kwa kugeuza sumaku moja baada ya nyingine, na zinavutana kwa kanuni ileile ya Coulomb ya chaji za umeme. Claudio Castelnovo, Roderich Moessner na Shivaji Sondhi walieleza hayo mnamo 2008, na majaribio ya 2009 yakayathibitisha.

Ni kazi nzuri sana, lakini kasoro hizo haziishi nje ya fuwele, na chaji yake haifuati kipimo cha Dirac. Ukihesabu uga kamili, mistari inayotoka kwenye kasoro moja hurudi kupitia sumaku zilizogeuzwa njiani, kwa hiyo ile sufuri ya Maxwell haijaguswa. Anayeuliza kama monopoli zimepatikana ajibiwe: kwa maana hiyo, ndiyo, kwa maana ya Dirac, hapana.

Mstaafu, Kakamega

Nimesoma yote kwa utulivu. Bado nasema mtahini wa kidato cha pili hawezi kudai wimbi la sentimita 21. Hata hivyo mwongozo ungeweza kuandikwa "kila chembe ya sumaku ina ncha zote mbili", ambalo ni jibu fupi, la kweli, na ambalo msichana huyo alilitoa katika sentensi yake ya kwanza. Kwa hilo ningempa alama zake mbili. Ile sentensi ya pili haikuulizwa, na mimi sitoi wala kukata alama kwa jambo ambalo halikuulizwa.

Fundi wa Spika, Kibuye

Vipande vyangu nimevipima kwa dira, na ni kama alivyosema Mwalimu. Swali langu la mwisho: tuseme monopoli moja imeanguka hapa kibandani pangu, kwenye rundo la vyuma. Ningeijuaje?

Mwalimu wa Njoro

Kama ni ile nzito ya muungano mkuu, isingetua. Ingeipita dunia nzima na kutokea upande wa pili. Ikiwa nyepesi na imepunguza mwendo, chuma chako kingeinasa, kwa sababu chuma husumakika na ncha hujivutia kwenye chuma hata kama ni ya peke yake. Ingekaa humo bila kuonekana, kwani ni moja kati ya atomi zisizohesabika.

Ili kuijua ingebidi upitishe kila kipande ndani ya koili iliyopozwa kwa heli kimiminika na uangalie kama mkondo unabaki baada ya chuma kutoka. Kundi la MoEDAL huko CERN linafanya jambo hilohilo, isipokuwa linatumia alumini. Kiini cha alumini kina usumaku wa kutosha kushika monopoli, na chuma chenyewe kingevuruga kipimo kwa usumaku wake. Waliweka takriban kilo 800 za fito za alumini karibu na mahali protoni zinapogongana, wakazipeleka Zurich kupimwa. Mnamo 2022 walichapisha pia matokeo ya migongano ya viini vya risasi, ambayo kwa muda mfupi mno huzaa uga wa sumaku mkubwa kuliko wowote unaojulikana, na wakaondoa uwezekano wa kuwepo kwa monopoli nyepesi kuliko gigaelektrovolti 75 hivi. Rundo lako, Fundi, lina chuma kingi mno kwa koili yao.